Siku ya kumwaga oili yadi nzima ni mafundi

Kuendesha mimi sina shida jamani. Kile kijiko chetu kidogo, mashine ya kuzolea, ambacho yadi nzima ya mbao wanakiita bobcat hata kama ubavuni kimeandikwa jina lingine kabisa, nakaa humo tangu asubuhi nasomba mabanzi na maranda mpaka jua linazama na simlaumu mtu. Shida yangu ni siku ya sevisi. Ile mita ya masaa ikishafika namba ya kumwaga oili tu, hamu ya kula inaisha.

Kwanza umshawishi bosi. Bosi anahesabu kwa kalenda, mashine inahesabu kwa masaa, na hao wawili hawajawahi kuelewana. "Si juzi tu umemwaga?" Juzi ipi bosi, toka hiyo juzi imepiga masaa 250, mbona kwenye hela ya mbao unayaona? Ya haidroliki ndio hataki hata kuisikia, maana ile ni ndoo ya lita 20 na bei yake inauma, ukimwambia kwenye kijiko hiki haidroliki sio ya kunyanyulia mikono ya mashine tu, hata matairi yanazungushwa na oili hiyohiyo, anakuangalia kama unamtapeli. "Si kuna ya kupima pale stendi, oili si oili?" Nikanyamaza, ukibishana na mwenye hela anaona unatafuta cha juu. Akatoa ya injini, ya haidroliki akasema tutaongea.

Sasa Mafinga mwezi wa saba, asubuhi, ukungu hata geti hulioni. Oili ya baridi ukiifungulia inashuka taratibu kama mtu anaenda kulipa deni, na uchafu unabaki hukohuko ndani, kwa hiyo lazima uwashe kwanza injini ipate joto ndio uzime umwage. Nimewasha tu, mlinzi huyo mbio, "Kamwene, mbona unachoma dizeli bure?" Hata mlinzi!

Halafu aliyechora hii mashine sijui alipima kwa mkono wa nani. Nati ya kumwagia iko juu ya lile bamba la tumboni, na bamba lina kitobo cha kupitishia spana basi. Unalala chini, shavu kwenye tope, unapapasa huoni kitu, nati inazunguka robo, spana inagonga chuma, unatoa, unarudisha, robo tena. Ikija kuachia haikupi taarifa, oili ya moto inapita kwenye kiwiko inaingia kwenye mkono wa koti, nyingine kwenye beseni, nyingine inatandaa juu ya bamba ambalo limejaa maranda yaliyolowa dizeli, na hayo ukiyaacha hapo karibu na ekzosi siku moja utaambiwa umechoma mashine ya watu. Kwa hiyo unayakwangua. Kukwangua hakumo kwenye mshahara.

Filta nayo, aliyeikaza mara ya mwisho alikaza kwa hasira za nyumbani kwake.

Na hapo nimezungukwa na washauri. Tandiboi wa fuso anataka niinue mikono ya mashine nipite chini yake bila kuweka kile chuma cha kuzuia, "haishuki hiyo kaka, mbona sisi huwa hatuweki." Kwani nyie mna shingo za akiba?

Ila kilichonichosha kuliko vyote ni oili chafu. Beseni halijatulia, foleni imeshapangwa. Mama wa nyumba ya pili ana kidumu, anataka kupaka nguzo za banda la nguruwe mchwa wasile. Jamaa wa chensoo anataka ya kulainishia cheni. Babu mmoja kaja na chupa bado inanuka ulanzi, nikamuuliza babu si uisuuze kwanza, akasema "weka mwanangu, mchwa hachagui." Kila mmoja ananikumbusha wema aliowahi kunifanyia, mpaka wa kunipa chumvi.

Nagawa ndio simu inaita. Bosi. "Hiyo oili chafu usimpe mtu, nimeshaiuza, kuna mtu anakuja kuchukua lita 20."

Lita 20! Injini yenyewe haishiki hata 10 nyie, na nyingine ninayo kwenye koti.