Printa Iko Kule, Kompyuta Iko Huku

Hivi huyu aliyeamua kebo ya USB iishie mita tano alipima chumba cha nani? Maana kompyuta iko dirishani, printa iko ukuta wa pili kwa sababu huko ndiko kwenye meza, na katikati pana mita sita. Sita, siyo sitini! Unavuta kebo, unaibembeleza, unasogeza kabati. Mwisho unaitafutia mwenzake, unaziunga kichwa kwa mkia, unabofya chapisha. Printa inajifanya haikujui, kama mdeni aliyekuona kwa mbali.

Na usimlaumu fundi. Ile kebo yenye dume upande mmoja na jike upande wa pili, ambayo kila mtu anayo kwenye droo, kanuni za USB 2.0 haziitambui hata kidogo. Inauzwa tu, na sisi tunanunua tu.

Ubishi wote una vichwa viwili. Kichwa cha kwanza ni muda. Kompyuta ikiuliza, inasubiri jibu kwa muda uliopimwa, na ni mfupi ajabu. Kila kebo imepewa nanosekunde 26 za kupitisha ishara, na hizo ndizo zinazozaa mita tano. Jibu likichelewa, kompyuta inahesabu kwamba hakuna mtu. Ndiyo maana kupandisha nguvu ya ishara peke yake hakusaidii: umempa mtu sauti kubwa, lakini bado amefika mlango umefungwa.

Kichwa cha pili ni volti. Waya mwembamba wa kipimo cha 28 AWG una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita tano za kebo ni mita kumi za waya, yaani omu 2.1. Kifaa kikivuta nusu ampea, volti moja na ushee imeliwa njiani. Kompyuta imetoa tano, kule hazifiki hata nne. Diski ya nje inaanza kugonga tik, tik, tik, inajaribu kuamka na haiwezi, na mwenyewe unadhani imekufa. Haijafa, ina njaa. Kwa hiyo soma ubavuni mwa kebo: ikiandikwa 28/24, waya za data ni 28 na za umeme ni 24, na hapo hasara inashuka hadi volti 0.42 hivi. Halafu mtu anieleze kwa nini namba ikipungua waya ndiyo unanenepa. Nani alikubali jambo hili?

Ukidhani USB 3 itakuokoa, hiyo ndiyo fupi zaidi: baada ya mita tatu hivi kebo ya kawaida inaanza visa. Na haikwambii. Kamera iliyopaswa kwenda gigabiti 5 kwa sekunde inateremka kimyakimya hadi megabiti 480, picha inakwamakwama, nawe unaanza kugombana na programu isiyo na hatia.

Basi kuna kebo zenye chipu ndani, zinazoitwa active. Hizo zinafaa, lakini ujue kila moja inahesabiwa kuwa ni habu, yaani kile kigawanyio cha matundu ya USB, na habu zinazofuatana haziruhusiwi kuzidi tano. Tano za kuunga, na kebo ya mwisho ya kifaa, jumla mita 30. Kwenye karatasi! Matundu ya mbele ya kompyuta nyingi tayari yana habu ndani, na kibodi yenye matundu ubavuni nayo ni habu. Unga nne, iache ya tano ipumzike, na chomeka nyuma ya kompyuta. Tena chipu hizo zote zinakula umeme uleule uliokuwa hautoshi. Kwa hiyo weka habu yenye adapta yake, na uiweke mwisho, karibu na kifaa. Watu wanaichomeka karibu na kompyuta, kule ambako njaa haipo, kisha wanashangaa.

Ukizidi hapo, tafuta vile vikasha viwili vinavyounganishwa kwa kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6. Vile vilivyo vizuri, vyenye umeme wao, hufika mita 50 hadi 100. Hapa ndipo pana mtego unaoniudhi kuliko yote. Kichwa ni kilekile cha mtandao, RJ45, lakini ndani yake hamna mtandao! Ukikipitisha kwenye swichi ya mtandao, hakuna kitakachofanya kazi, na kama kikasha kinapeleka umeme kwenye waya hizo unaweza kuunguza kitu. Kebo iwe moja, mfululizo, bila viungo katikati, ncha zote mbili zimepangwa rangi kwa mtindo uleule. Na iwe shaba tupu. Kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa koti la shaba. Vile vikasha rahisi visivyo na adapta vingi ni vya USB 1.1, megabiti 12 tu. Kibodi na mausi vitashukuru, kamera itakutukana.

Usiilaze kebo hiyo sambamba na waya wa umeme wa nyumba. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Na kama unavuka kutoka jengo hadi jengo, achana na shaba kabisa. Erthi za majengo mawili hazilingani, na radi haichagui. Pitisha faiba, ile kebo inayobeba mwanga badala ya umeme, ila ukumbuke faiba safi haibebi umeme, kwa hiyo kule mwisho lazima pawe na soketi.

Na sasa swali la aibu: hiyo printa haina tundu la mtandao mgongoni? Igeuze uone. Watu wanahangaika wiki nzima na vikasha, kumbe tundu lipo, limefunikwa na kipande cha plastiki. Kwa kifaa kisicho nalo, kama ile funguo ya leseni inayochomekwa, Linux ina usbip, programu ya kupitisha USB ndani ya mtandao. Kwenye mashine yenye kifaa, pakia modprobe usbip-host, washa usbipd -D, tazama namba kwa usbip list -l, kisha usbip bind -b na namba hiyo. Upande wa pili pakia modprobe vhci-hcd, halafu usbip attach -r na anwani ya mashine, -b na namba ileile. Inapita mlango wa mtandao namba 3240 bila data kufichwa chochote, kwa hiyo ibaki ndani ya mtandao wako. Na kifaa kinamtumikia mmoja kwa wakati; wa pili asubiri foleni.

Kikigoma, usianze kulaumu. Chomeka kifaa moja kwa moja kwa kebo fupi. Kikifanya kazi, ongeza kipande kimoja kimoja hadi kigome. Kwenye Linux, amri ya lsusb -t inaonyesha kasi, 480M au 12M. Dmesg, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, ikisema -110, jibu halikufika kwa wakati. Ikisema -71, mazungumzo yenyewe yameharibika njiani. Angalau hizo zina maana. Windows inakupa kosa namba 43, unabaki nayo kama tiketi ya bahati nasibu.

Lakini kinachonimaliza ni mausi isiyo na waya. Unainunua kuukimbia waya, unachomeka kile kidude chake ubavuni mwa tundu la USB 3, mshale unaanza kuruka kama panzi. Sababu ni kwamba kebo na vifaa vya USB 3 vinatoa kelele kwenye gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya mausi. Dawa yake? Kebo ya USB 2.0 ya mita moja, dume na jike, ile isiyotambuliwa na kanuni, ili kidude kikae mbali na tundu. Kwa hiyo mausi isiyo na waya imenunuliwa waya, na sasa ndiyo yenye kebo ndefu kuliko ile ya zamani.