Mnara wa Torre Velasca na shutuma za Otterlo

Mwaka 1959, katika mkutano wa wasanifu majengo wa kisasa huko Otterlo, Uholanzi, msanifu wa Italia Ernesto Rogers alisimama kuueleza mnara ambao ofisi yake ilikuwa imeumaliza mwaka uliotangulia katikati ya Milano, naye akashutumiwa na wenzake. Torre Velasca una mita 106 na ghorofa 26: chini maduka na ofisi, juu nyumba za kuishi. Sehemu ya juu ni pana kuliko ya chini, nayo imebebwa na mihimili ya zege iliyotoka ukutani kwa mshazari, hata wenyeji wakauita jumba la mikanda ya mabegani.

Wasanifu wenzake Peter Smithson na Jaap Bakema waliuona mnara huo kuwa ni kurudi nyuma, kwenye ngome za kale. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa utawala wa kifashisti wa Mussolini nchini Italia ulikuwa umeufanya utukufu wa kale kuwa pambo la ubabe.

Hata hivyo, umbo hilo lilitokana kwanza na mahitaji. Kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita kilikuwa kifinyu, kimebanwa na mitaa ya zamani. Ofisi zikapewa kiwiliwili chembamba ili chini pabaki nafasi, na nyumba, zinazohitaji kina zaidi, zikapandishwa juu ambako hakuna jirani wa kuzibiwa mwanga. Ukiutazama kwa makini utaona madirisha hayakupangwa kwa mstari mmoja, kwa sababu yanafuata mgawanyo wa vyumba vya ndani. Je, kuna jambo la kisasa kuliko hilo?

Tena, ni nani walioshutumiwa? Ofisi iliitwa BBPR, herufi za majina ya washirika wanne. Gian Luigi Banfi alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Gusen Aprili 1945. Lodovico Belgiojoso alitoka humo akiwa hai. Rogers, mwenye asili ya Kiyahudi, alikimbilia Uswisi. Waliobaki hawakuifuta herufi ya marehemu. Kuwahofia watu hawa kwamba kumbukumbu yao ya mji ingefungua mlango kwa fikra za utawala uliowatesa, naona ni kuwaonea.

Linalobaki kunisumbua ni ukubwa: jengo la biashara kusimama karibu sawa na kanisa kuu la Duomo. Lakini sanamu ya Madonnina, yaani Bikira Maria aliye kileleni mwa kanisa hilo, iko kwenye mita 108.5, na mnara umeishia chini yake.