Nani Alimwaga Siki?

Kwanza kabisa: sikutumbukia shimoni, lile la kumwagia choo cha gari. Niliteleza pembeni ya shimo, nikakaa. Ni mambo mawili tofauti, na shemeji yangu anayajua vizuri, maana alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, simu mkononi. Lakini kwa jinsi alivyoisimulia kwenye grupu la familia, shangazi yangu wa Korogwe kanipigia kunipa pole ya "kuangukia choo cha Wazungu". Ile sauti aliyorekodi imeshafika Muscat, imeshafika Minnesota, na jana usiku imenirudia mimi mwenyewe kutoka kwa mtu nisiyemjua, na maneno chini: "Msikilizeni huyu zuzu."

Haya. Bado nanukia siki, lakini nimekaa, nawaletea habari kamili.

Safari yenyewe mnaijua, picha za Calais, bandari ya Ufaransa, si mliziona na mka-like. Kempavani, yaani gari la safari lenye vitanda na choo ndani, ya kukodi kutoka Uingereza, mikanda mitano, mimi, mama watoto, mkubwa wetu wa miaka sita, kitindamimba wa mitatu ambaye ndiyo kwanza kaagana na nepi, na shemeji. Shemeji alijialika. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye anajua Kifaransa kwa sababu aliwahi kukaa Bujumbura. Nikamweka kiti cha mbele kushoto, maana gari la Uingereza usukani uko kulia na mashine za ushuru wa barabara za Ufaransa ziko kushoto. Anayelipa ni abiria. Hapo alinifaa, sitamdhulumu. Gari lenye kimo kati ya mita 2 na 3 na uzito usiozidi tani 3.5 hulipa daraja la pili, ila mashine ikikuona mrefu inaweza kukusukumia la tatu, na hapo unabonyeza kitufe cha msaada unasema "classe deux". Shemeji alikibonyeza, akasalimia, akauliza na hali ya hewa. Nyuma honi zinalia. Daraja likashuka lakini.

Sasa tuje kwenye choo, maana bila kukielewa choo hamtaelewa kwa nini nasema sina hatia.

Choo cha kempavani hakina bomba la kwenda popote. Chini ya kiti kuna tangi la plastiki, kaseti, la lita 18 hivi. Juu yake kuna kilango kinachoteleza: unakifungua ukiwa na shughuli, unakifunga ukimaliza, na mpira wa pembeni unaziba harufu. Ndani kuna boya. Tangi likijaa taa nyekundu inawaka. Kuna tundu dogo la kupumulia, na nje ya kaseti kuna kitufe cha hewa cha kubonyeza kwa dole gumba wakati wa kumwaga, ili hewa iingie na mzigo utoke kwa utulivu bila kugugumia. Ukiikuta imejaa gesi, unaisimamisha wima, unafunika kitufe kwa kitambaa, unabonyeza kidogo kidogo mpaka inyamaze, ndipo unafungua kifuniko. Nayajua haya. Nilikuwa nayajua hata siku ile. Kumbukeni hilo.

Watu watano, mmoja wao akiwa mtoto anayejifunza choo na anayeona fahari kwenda kila tukipita lori jekundu, kaseti haimalizi siku mbili. Na tulikuwa tumelala kwenye shamba la mizabibu karibu na Saint-Pourçain, kwa ule mpango wa France Passion: mkulima anakukaribisha usiku mmoja bure, sharti gari liwe na choo chake na usimwage kitu shambani kwake. Haki kabisa. Kwa hiyo asubuhi tunaondoka taa ni nyekundu, na ile dawa ya buluu ya kuyeyushia mzigo imekwisha.

"Dawa ya nini?" shemeji akasema. "Mimi nimeona video."

Tukasimama kwenye supamaketi. Maegesho mengi ya supamaketi za kule yana chuma kimepitishwa juu, mita mbili hivi, kuzuia magari ya aina yetu. Kwa hiyo alishuka peke yake. Nasisitiza: PEKE YAKE. Akarudi na siki nyeupe chupa ya lita, ile kali ya rafu ya usafi, na pakiti ya magadi, "bicarbonate" imeandikwa. Mimi nilikuwa najaza dizeli upande wa pili. Niliporudi, kazi imeisha: magadi ndani, siki juu yake, kilango kimefungwa, na shemeji anajipangusa mikono akiwa ameridhika na nafsi yake.

Waliosoma kemia mmeshaanza kucheka. Siki ni asidi. Magadi yakikutana na asidi yanatoa gesi, ile ile iliyomo kwenye soda, na inatoka nyingi kuliko unavyodhani. Kwa kawaida lile tundu la kupumulia lingeisaidia. Lakini kitindamimba alikuwa ametumbukiza waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, si moja, na baadaye tuliikuta moja imejilaza juu ya tundu lile.

Kisha tukapanda barabara kuu ya A75.

Barabara hii kila mwenye kempavani anaipenda, kwa sababu kutoka Clermont-Ferrand kwenda kusini hulipi ushuru isipokuwa kwenye daraja la Millau. Uzuri wake siwezi kuumaliza. Ila inapanda. Inavuka mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua, wakati gesi iliyofungiwa ndani haina habari hiyo. Ongeza jua la Julai linalopiga ubavu wa gari, upande ule ule wa mlango wa kaseti. Ongeza kona. Mkubwa akasema, "Baba, choo kinaongea." Tukamwambia choo hakiongei.

Kilikuwa kinaongea.

Tukafika kijiji kimoja chenye eneo la kempavani, aire kama wanavyoita. Mashine ya huduma inatumia jetoni, sarafu zake maalumu, na jetoni zinauzwa duka la mikate. Saa sita na nusu mchana wanafunga kwa chakula, na mama watoto alifika mwenye duka akishusha pazia. Akapata jetoni moja. Moja hiyo inakupa dakika kumi za maji, bomba zote, halafu kimya. Nikaitumbukiza, saa ikaanza kuhesabu.

Mpangilio wa pale ni ule wa kawaida. Kati, chuma cha kumwagia maji ya sinki, gari linapita juu yake. Kulia, bomba la maji ya kunywa, ambalo ukilisogeza karibu na kaseti watu wa kule watakususa kijiji kizima, na watakuwa sahihi. Kushoto, shimo la kaseti lenye ukingo wa zege na bomba lake la kusuuzia. Nyuma yetu foleni: Wajerumani wawili na gari la ukubwa wa nyumba, na mzee mmoja Mfaransa, kofia ya majani, mkate mrefu kwapani, anasubiri zamu yake bila haraka.

Nikavaa glovu. Nikavuta kaseti. Imejaa, ina kilo karibu ishirini, na ubavu wake umevimba. Plastiki ngumu ile, imevimba! Nikaisimamisha wima ukingoni. Nikazungusha mdomo wake kuelekea nje. Hapo nikasikia: fiiiiii.

Sasa twende pole pole, maana hapa ndipo sauti ya shemeji imepotosha historia.

Nilisimama. Nikasema, kwa sauti, mashahidi wapo: "Hii ina gesi, nipe kitambaa." Shemeji, akiwa ameinua simu kurekodi "kumbukumbu za watoto", akajibu, "Hewa tu hiyo shemeji, fungua, dakika zinaisha." Nikapeleka dole gumba kwenye kitufe cha hewa hivyo hivyo. Kitufe kikabonyea. Hakikutoka kitu. Waipsi, wapendwa. Waipsi ilikuwa imekikalia kwa ndani.

Na wakati huo huo yule mzee wa mkate akasogea hatua moja, akainua kofia, akasema, "Bonjour, monsieur."

Sasa niambieni ningefanyaje. Ufaransa salamu si pambo. Ukiingia dukani bila bonjour, umejinyima huduma mwenyewe. Mimi nimelelewa Tanga. Mzee akikusalimia unaacha ulichoshika unaitika. Nikageuza uso kwake, nikatabasamu, nikafungua mdomo. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye kifuniko. Sikukifungua. Narudia, sikukifungua. Kiligeuka robo tu, kwa sababu bega limegeuka. Kilichobaki kilijifungua chenyewe.

Kifuniko kiliruka. Nilikiona kinapita usawa wa sikio langu, kinapiga kibao cha "eau potable", maji ya kunywa, kinalia kooong. Kwa nukta moja hakikutoka kitu kingine. Mdomo wa kaseti ulikuwa unanitazama. Nakumbuka niliona ndani yake povu jeupe, safi kabisa, linapanda taratibu, na moyo ukaniambia: alhamdulillahi, ni povu tu.

Nyuma ya povu ilikuwa inakuja Saint-Pourçain yote.

Ilitoka mstari mmoja, unene wa mkono wa mtoto, kifuani. Mimi nikafanya kile ambacho kila mkono wa binadamu hufanya: nikaziba. Aliyewahi kuweka kidole kwenye mpira wa kumwagilia maua anajua kinachofuata. Ule mstari mmoja ukawa feni. Feni ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikapita usoni. Mdomo wangu ulikuwa umefika kwenye "Bon". Sikumaliza "jour". Sitasema zaidi.

Nikarudi nyuma. Zege limelowa, ndala zangu za Bata hazina meno. Mguu wa kushoto ukaondoka peke yake. Nikakaa. PEMBENI. Matako kwenye ukingo, mkono mmoja umekumbatia kaseti ili isianguke, kwa sababu hata katika hali ile nilikumbuka kwamba ni ya kukodi. Na kaseti, ikiwa imelala sasa, ikamalizia mzigo wake juu ya mapaja yangu, ikigugumia, glu, glu, glu, ile gugumio ambayo kitufe cha hewa kimetengenezwa kuizuia.

Kimya. Wajerumani wameingia garini mwao na kufunga madirisha. Mzee wa mkate hajapata hata tone, sijui kwa neema gani. Alinitazama, akauhamisha mkate kwapa la pili, akasema kwa upole mkubwa, "Bon courage," yaani jipe moyo, akaenda kukaa kwenye benchi.

Dirishani, watoto wangu wawili wanapiga makofi. "Baba, tena!"

Nikatambaa mpaka kwenye bomba. Nikajipaka sabuni ya vyombo kuanzia kichwani, nimefumba macho, povu limekolea, napapasa maji. Klik. Dakika kumi zimekwisha. Duka la mikate mpaka saa nane.

(Wewe unayeuliza kwa nini sikutumia maji ya ndani ya gari: tangi lilikuwa tupu. Ndiyo maana tulinunua jetoni.)

Yaliyofuata nayapitia haraka. Chupa mbili za maji ya kunywa ya watoto zikaondoka na sabuni. Nguo kwenye mfuko, mfuko kwenye pipa. Mama watoto, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno, akanirushia khanga yake. Imeandikwa "Hasidi hana sababu". Wajerumani, Mungu awabariki, walinipa jetoni yao ya akiba kupitia upenyo wa dirisha, tukaosha zege lote, tukaitoa ile waipsi kwa koleo la nyama, koleo nalo pipani. Kaseti ikapata maji lita mbili na dawa halali ya buluu, ambayo Wajerumani pia walikuwa nayo. Shemeji aliosha shimo. Hilo kwenye sauti yake hamkulisikia.

Tukatafuta kempingi, uwanja wa kupigia kambi, ya manispaa ili nioge. Mapokezi yamefungwa, nao wanakula. Nikakaa nje getini na khanga yangu, nikiitika bonjour za wapita njia, mdomo nusu. Bafuni hakuna karatasi ya choo, kempingi nyingi za kule unakwenda na yako. Nikaoga mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Watoto wakataka bwawa. Bwawani kaptula haziruhusiwi kwa wanaume, ni lazima ile chupi ya kuogelea inayobana, na iliyokuwepo mapokezi ilikuwa moja, saizi ya kijana wa sekondari. Nikainunua. Ningefanyaje, mtoto wa miaka mitatu haogelei peke yake.

Shemeji alipiga picha pale pia. Amenitumia jana, na alama ya kucheka, anasema anafikiria kuiweka kwenye grupu kubwa, lile lenye wakwe.

Weka, shemeji. Risiti ya siki na magadi ninayo. Ina saa, ina tarehe, na umelipa kwa kadi yako.