Shikamoo na swali viende pamoja

Malalamiko ya wanaosaidiana mtandaoni kuandika programu za kompyuta hayabadiliki: wajuzi wanasema wanaoanza hawana adabu ya kuuliza, wanaoanza wanasema wajuzi wana maringo. Upande wa wajuzi umeshasemwa sana, tena kwa ufasaha. Wa kijana wa Masasi au Nachingwea anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kompyuta ya kuazima haujapata msemaji.

Tuanze na ile picha ya skrini anayotuma anayeanza, iliyopigwa kwa simu, imepinda, taa imemulika katikati. Mjuzi ana haki ya kukereka, maana maandishi ya kwenye picha hayanakiliki. Itabidi ayaandike upya ndipo ajaribu. Lakini kompyuta ile haina intaneti. Bando liko kwenye simu, tena la siku. Ukimwambia awashe hotspoti ili anakili na kubandika, Windows ikishaonja mtandao inaweza kukimbilia kupakua masasisho yake na kulimaliza bando kabla swali halijaondoka. Sasa uvivu uko wapi hapo?

Kuna na salamu. Mikindani humkuti mtu kibarazani kwake ukaanza na shida yako. Kijana anaandika, "Shikamooni wakubwa, kuna anayejua Python?" kisha anangoja marahaba, kama alivyolelewa. Aliyezoea mila za Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ambako salamu huondolewa kwenye swali kama takataka, anaona anapotezewa muda. Hata hivyo wenye Stack Overflow wenyewe, iliyoanza 2008, walikiri hadharani mwaka 2018 kwamba watu wengi mno, hasa wanaoanza, wanapaona ni mahali pa ukali.

Hapa nawakubalia wajuzi nusu. Shikamoo ibaki, ila swali liwe ndani ya ujumbe uleule. Mwenye jibu huenda akaiona salamu saa nne usiku, akaitikia, kijana kashalala. Asubuhi kijana anauliza, mjuzi yuko kazini. Siku nzima imeishia kwenye marahaba.

Chukua kijana anayemkokotolea baba yake malipo ya korosho: kilo mara bei. Anaingiza 250, bei ameiweka 3000, anategemea 750000. Skrini inajaa 250250250250 mpaka chini. Anapiga picha, safari hii safi kabisa, anatuma: "Wakuu, programu imechanganyikiwa, msaada." Picha haisaidii kitu, kwa sababu inaonyesha matokeo tu. Wala hakuna ujumbe wa kosa wa kusoma, kwani kwa Python hakuna kosa lolote: kinachoingia kwa input() ni maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi ukiyazidisha kwa 3000 yanarudiwa mara 3000. Tarakimu 9,000 kwenye skrini ya kuazima! Kijana hajui kwamba ugonjwa uko mstari wa kwanza, basi atajuaje kwamba huo ndio wa kutuma? Wajuzi wanamdai maelezo mazuri ya tatizo mtu ambaye angeweza kuyatoa, angekuwa ameshalitatua.

Lakini programu yenyewe ni mistari mitatu, na mistari mitatu inaandikika kwa dole gumba:

kilo = input("Kilo: ")
bei = 3000
print(kilo * bei)

Chini yake aongeze: nimeingiza 250, nilitegemea 750000, nimepata 250250250. Hapo hata aliyemtangulia kwa miezi miwili atamjibu: izungushie input yako int(), igeuze maandishi kuwa namba. Haya ndiyo ya kumdai anayeanza, na hayahitaji hotspoti. Programu ikiwa ndefu, aipunguze mpaka ibaki sehemu inayokosea. Mara nyingi atalikuta kosa njiani. Picha nayo iambatane, maana dole gumba hukosea na Python inajali hata nafasi za mwanzo wa mstari.

Nisichoweza kumtetea ni "nicheki inboksi". Jibu likipita faraghani, wa Liwale mwenye kosa lilelile ataanza upya kesho, na mjuzi yuleyule atachoshwa tena. Pia yule anayepata jibu akayeyuka. Kuandika "imekubali, nimeweka int()" ni kazi ya sekunde. Wa "nifanyieni kazi ya chuo, mwisho leo" simzungumzii.

Kwa upande wa mjuzi, "katafute Google" halimfikishi mbali mtu asiyejua atafute neno gani, tena kwa Kiingereza. Ujumbe wa kosa ukiwapo, amuulize mstari wa mwisho unasemaje. Python huandika aina ya kosa hapo. Asiye na muda anyamaze, hakuna anayemlipa. Akiamua kuandika, "tuma mistari yenyewe" ni maneno matatu. "Jifunze kuuliza kwanza" nayo ni matatu.