Makro ikikwama: isimame au iruke?

Katika Vim, kihariri cha maandishi, makro (mfululizo wa vibonyezo uliorekodiwa ili urudiwe) hufa palepale amri yake moja inapogonga mwamba. Wengi huiona tabia hii kuwa kero, na nawaelewa.

Tuseme una orodha ya wanachama 200, kila mstari una jina, kijiji na kiasi, vikitenganishwa kwa mkato. Unataka yabaki majina tu. Unarekodi 0f,Dj kwenye rejista a (sehemu ya kuhifadhia makro): mwanzo wa mstari, tafuta mkato, futa hadi mwisho, shuka. Kisha 199@a, yaani irudie mara 199. Kumbe mstari wa 37 aliyeandika aliweka nukta mkato. Amri ya f inakosa inachotafuta, Vim inamwaga foleni nzima ya vibonyezo vilivyosubiri, na mistari 163 ya chini haiguswi.

Inaudhi. Lakini baada ya f inakuja D. Makro ingeendelea, kishale kingekuwa bado mwanzoni mwa mstari, na D ingefuta kila kitu, jina likiwemo. Jaribu :silent! %normal 0f,D, inayoendesha vibonyezo hivyo kwenye kila mstari, uone: alama ile ya mshangao haifichi tu ujumbe wa kosa, inazuia pia amri zisikatizwe. Mwanachama wa 37 anatoweka kimya kimya. (Wapo wanaoibandika silent! kila mahali kama plasta.)

Kusimama kuna faida nyingine: ndiko breki. Makro inayojiita yenyewe huishia pale j inapokosa mstari wa kushukia. Emacs, kihariri kingine, nayo ina C-u 0 F4 (Ctrl na u, kisha 0, kisha F4), inayorudia makro hadi kosa litokee.

Hata hivyo wanaotaka kuruka wana hoja nzito. Kwa nini mstari mmoja mbovu uadhibu mingine 163? Hapo nipo upande wao, ila njia ninayoikubali ni :%normal 0f,D, bila silent!. Kila mstari unaendeshwa peke yake: wa 37 ukikwama unaachwa ulivyo, wa 38 unaanza upya.

Kasoro yake ni kwamba haikuambii ni mistari ipi imeachwa. Kwa hiyo mimi hutanguliza :v/,/# inayoorodhesha mistari isiyo na mkato pamoja na namba zake. Ikiwa mitatu, naisahihisha kwa mkono. Ikiwa sitini, makro yenyewe ndiyo mbovu, naiandika upya.