Makanisa yetu yamejaa, lakini suala la madeni tumewaachia maaskofu

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza kama ni kweli makanisa ya Uingereza yamebaki matupu. Ni kweli. Hapa Birmingham utakuta wazee wachache wametapakaa kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya mamia. Kwetu Bukoba ukichelewa ibada ya kwanza unasimama nje. Kwa kuimba na kwa kutoa, hawatufikii. Lakini wanatuzidi jambo moja, na linaniuma: huku kuwatetea maskini wa dunia ni kazi ya muumini wa kawaida, na madhehebu huifanya kwa pamoja.

Tarehe 16 Mei 1998 wakuu wa G8, yaani nchi nane zenye uchumi mkubwa, walikutana katika jiji hili. Watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya jiji, wakidai nchi maskini zifutiwe madeni. Kampeni iliitwa Jubilee 2000, kwa kufuata mwaka wa yubile wa Walawi 25, mwaka wa watumwa kuachiwa huru na mashamba kurudi kwa wenyewe. Waanglikana, Wakatoliki na Wamethodisti walifika kwa mabasi, pamoja na watu wasio na dini. Bibi mmoja wa Kimethodisti ninayemfahamu alikuwemo. Miaka ile aliandika kadi za posta kwenda Wizara ya Fedha ya Uingereza, akawagawia na majirani waandike. Hajawahi kukanyaga Tanzania.

Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kupunguziwa madeni yake. Kipindi hichohicho ada ya shule ya msingi ilifutwa, ukaja MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), wazazi tukasomba mawe na mchanga kujenga madarasa. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4 na ushee mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Msamaha wa madeni haukuwa sababu pekee, ila ulichangia. Kanisani kwetu sikumbuki kusikia habari za waliozipigania fedha zile.

Na hawakuishia hapo. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London iliiamuru Zambia ilipe takriban dola milioni 15 kwa mfuko wa wawekezaji binafsi ulionunua deni la zamani la matrekta ya Romania kwa dola milioni 3 na kitu. Makanisa na mashirika yao yalipiga kelele pamoja na wanaharakati wengine, na mwaka 2010 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia biashara hiyo ya kununua deni kwa bei ya chini na kudai fedha nyingi, kwa madeni ya nchi maskini. Mpaka leo hukutana ukumbini, Mkatoliki kakaa na Mbaptisti, chai mezani, kila mtu anamwandikia mbunge wake kwa mkono wake kuhusu wakopeshaji binafsi. Wanajua kwamba sehemu kubwa ya mikataba ya mikopo hiyo iko chini ya sheria ya Uingereza, kwa hiyo mbunge wao ana la kufanya.

Sisemi nyumbani hakuna kitu. CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ya makanisa ya Kiprotestanti) na TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki) wanaendesha pamoja huduma za hospitali na shule kupitia CSSC, tume yao ya huduma za jamii, tangu 1992. Mwaka 2008 walishirikiana na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, kutoa ripoti iliyoonesha jinsi taifa linavyopunjwa kwenye dhahabu, kazi ya kijasiri kweli. Najua pia kwamba huku mtu akimwandikia mbunge hapati shida, wakati kwetu kiongozi wa dini akigusa fedha za umma huambiwa asichanganye dini na siasa.

Hiyo ndiyo sababu nasema tusiwaachie maaskofu peke yao. Askofu mmoja ni rahisi kumnyamazisha. Jumuiya za mtaa mzima si rahisi. Baada ya ibada tunanadi mkungu wa ndizi na trei la mayai, na fedha inapatikana ndani ya dakika chache. Nguvu ipo. Lakini Mlutheri na Mkatoliki wa mtaa mmoja hukutana msibani na harusini tu.

Bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni, na Kwaresima huitangulia. CCT na TEC waandae karatasi moja ya Kiswahili chepesi: tunadaiwa kiasi gani, na nani, na kwa riba gani, na fedha hizo zilifanya nini. Isomwe kwenye jumuiya za Wakatoliki na za Walutheri wiki ileile, kisha watu wa mtaa wakae pamoja, waandike maswali yao, wamkabidhi mbunge kabla hajaenda kupiga kura.