Si kila mkongwe amechoka

Kuna makala niliyoisoma, mwandishi wake anataka timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ziache kabisa kusajili walinzi wa kwotabeki (mrusha mipira wa timu) waliopita miaka 33. Hapo amezidisha chumvi. Mlinzi Andrew Whitworth alikuwa na miaka 35 timu ya Rams ilipomchukua mwaka 2017, na Februari 2022, akiwa na 40, akabeba Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, kwa kuifunga 23-20 Cincinnati, timu ile ile aliyoichezea misimu 11. Kwa hiyo tusiangalie tarehe ya kuzaliwa tu, tuangalie amekosa mechi ngapi.

Timu ya New York Jets ndio ya kulaumiwa. Septemba 2023 walimpanga Duane Brown, miaka 38, upande wa kushoto. Akajitupa chini kumkata miguu mpinzani Leonard Floyd, Floyd akampita, na kwotabeki wao Aaron Rodgers akakatika kano ya kisigino mpira ulipoanzishwa kwa mara ya nne tu katika mechi yake ya kwanza na Jets! Sisemi kosa lote ni la Brown, bahati mbaya nayo ipo. Ila mwaka uliofuata wakafanya nini? Wakamleta Tyron Smith, 33, fundi kweli kweli, lakini tangu 2015 alikuwa hajawahi kumaliza msimu mzima akiwa mzima. Akacheza mechi 10, shingo ikamtoa.

Angalau safari hiyo walikuwa wamemchagua mlinzi kijana Olu Fashanu kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya), na mkataba wa Smith ulikuwa wa mwaka mmoja. Sehemu hiyo mwandishi kaipita kimya kimya, sijui kwa nini.